Jinsi Fundi Cherehani Alivyoiteka Zohali Juu ya Paa

Nyamazeni, enyi mliokaa na mliosimama, mnaomenya vitunguu na mnaongojea maji yachemke. Zimeni redio. Mwenye kikohozi akakohoe nje, kisha arudi, maana sirudii. Nawaletea habari za vita vilivyopiganwa mahali tunapoanika nguo, vita visivyomwaga damu ila tone moja tu la kidole cha shujaa mwenyewe, kilichobanwa na kifuniko cha boksi. Nilikuwapo. Nilishika tochi, na mara kadhaa niliamriwa niizime.

Shujaa wetu ni Fundi wa ghorofa ya chini, Simba wa Cherehani, Bwana wa Pindo na Mkunjo, aliyewahi kupunguza kiuno cha koti huku mwenye koti akiwa amelivaa na anakula. Mkewe ni muuguzi, mwanamke wa maneno machache na yote yana makali. Siku zile walikuwa wamefikiwa na mgeni, naye ni mama yake muuguzi, mkwewe Fundi, ambaye jengo zima tulimwita Mama Mwalimu kwa sababu alifundisha mpaka akastaafu, na hata baada ya kustaafu hakuacha.

Ikawa jioni moja, wakiwa mezani, Mama Mwalimu akaanza kukumbuka shule. Kila mwaka, alisema, alichora duara ubaoni, akalizungushia pete kwa chaki ya njano, akawaambia watoto kwamba hii ndiyo Zohali, sayari yenye pete. Siku moja mtoto wa dawati la mbele akamuuliza kama ameiona kwa macho yake. Akamwambia akae chini.

"Sijaiona mpaka leo," akasema Mama Mwalimu akitazama sahani. "Nimewafundisha watoto wa watu kitu nilichoambiwa tu. Siku nyingine nalala nikijiuliza kama niliwadanganya."

Mtu mwingine angesema pole na kuomba chumvi. Fundi akaweka kijiko chini. Enyi wasikilizaji, tangu amwoe binti yule, hakuna alichompa mkwewe kikampendeza. Zawadi zake zote zilikaa kabatini kwa Mama Mwalimu zikiwa bado kwenye karatasi zake, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali. Na tiketi ya Mama ya kurudi kwake ilikuwa ya asubuhi ya siku ya tatu.

Akainuka, akashika ukingo wa meza kama jemadari ashikaye ukuta wa ngome, akanena, "Mama, naapa mbele ya sahani hizi. Kabla basi lako halijawasha injini, nitaishusha Zohali kutoka kiti chake cha juu, nikuwekee jichoni pamoja na pete zake zote. Nikishindwa, nisihesabiwe tena kuwa mkwe wako."

Mkewe akamwambia akae, chakula kinapoa.

Kulipokucha, Fundi akafunga kiwanda chake cha kushonea, akavaa koti lake la harusi za watu, akaenda kwenye duka linalouza miwani, saa za ukutani na darubini. Hapo mabingwa wawili walikuwa wakimngoja. Wa kwanza alikuwa mwembamba, mrefu, mwekundu, amesimama juu ya miguu mitatu ya bati, na juu ya boksi lake herufi za dhahabu zilitangaza kwamba anakuza mara mia sita. Wa pili alikuwa mnene na mfupi kama ndoo ya kufulia, amekalia kigoda cha mbao kinachozunguka, wala hakujisifu kwa lolote.

Mwenye duka, bibi mwenye miwani mbili, moja usoni na moja utosini, akamwambia asisome boksi, atazame mdomo. Darubini yenye mdomo mpana hunywa mwanga mwingi, na mwanga ndio unaoonyesha. Hayo ya mara mia sita ni maneno ya karatasi. Fundi alinyoosha kidole kimoja, akaugonga mguu wa yule mwekundu, na yule mwekundu akatetemeka, akaendelea kutetemeka wakati Fundi anauliza bei ya mwenzake, na alikuwa bado anatetemeka bibi alipomaliza kuitaja.

"Meza ya cherehani ikitikisika, mshono unakwenda kombo," akasema Fundi, akamchagua mnene. Angeondoka pale, mimi nisingekuwa na kisa.

Lakini zilibaki lenzi za jicho, vile vioo vidogo vinavyochomekwa pale mtu anapoweka jicho, kila kimoja na namba yake, na namba ndiyo inayoamua picha iwe kubwa kiasi gani. Mnene alikuja na moja ya kumi, ya bure. Bibi akamshauri aongeze ya sita, kwa kuwa anatafuta sayari. Sasa jueni kwamba sindano za cherehani nazo zina namba. Kitambaa laini kinashonwa kwa kumi na moja, jinzi kwa kumi na sita, turubai kwa kumi na nane. Fundi ameishi na sheria hiyo ujana wake wote, na mtu hawezi kuivua sheria ya namna hiyo kama kofia.

"Bibi," akanena, "naziheshimu mvi zako. Lakini mimi nimeshona jinzi za makuli na turubai za malori, na ninalijua hili kama ninavyojua jina langu: kazi ndogo, namba ndogo, kazi kubwa, namba kubwa. Na ipo kazi gani kubwa kushinda Zohali? Nifungie thelathini na mbili."

Bibi akajaribu kumweleza kwamba kwenye lenzi hesabu inakwenda kinyume, kadiri namba inavyopungua ndivyo picha inavyokua. Fundi akainua mkono kama anayebariki majeshi. Bibi akamfungia lenzi hiyo. Alisema mteja ni mfalme, na kwamba wafalme wake huwa wanarudi.

Jioni ile jua lilipozama tulipanda paani. Tuliziondoa shuka za jirani wa ghorofa ya tatu, naye akalalamika, tukamwambia ni kwa ajili ya elimu. Fundi akaielekeza darubini kwenye ile nyota ya manjano iliyokuwa imetulia mashariki, akainama, akaona giza tupu. Akazungusha gurudumu la kusafishia picha huku na huku, akaona giza safi zaidi. Akatutangazia kwamba adui amejificha. Mkewe akapanda, akaondoa kifuniko mdomoni mwa darubini, akakitia mfukoni, akashuka.

Adui akaonekana. Mama Mwalimu akaitwa, akapanda ngazi zote na goti lake bovu, akainama, akatazama kwa muda.

"Naona punje ya ufuta," akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari. "Pole, Fundi."

Ile pole ilimchoma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Fundi usiku kucha aligeuka kitandani na guu lake.

Kesho yake alirudi dukani akiwa bila koti. Bibi alikuwa ameshaifunga ile ya sita, imekaa kando ya mashine ya hesabu. Hapo tena angeondoka salama, lakini mtu wetu hajui kukosea kidogo. Alipofahamu kwamba ndogo ndiyo kubwa, akataka picha iliyo kubwa kupita zote, akaomba pia kipande cha kati, kinachochomekwa chini ya lenzi ili kuiongezea nguvu mara mbili. Bibi akamwonya kwamba hewa ya juu nayo hutetemeka, na anayekuza kupita kiasi hukuza na mtetemo. Fundi akavichukua vyote viwili, akashukuru kwa adabu, hakusikia hata neno.

Na ikafika jioni ya mwisho. Begi la Mama Mwalimu lilikuwa mlangoni, limefungwa. Habari zilikuwa zimeenea, na watu wa ghorofa zote walipanda, wengine na viti vyao. Fundi akachomeka kile kipande, juu yake akachomeka ile ya sita, mnara juu ya mnara. Zohali ikaingia upande huu, ikatoka upande ule, kama kuku aliyeona kisu. Alipoisogeza darubini, aliipita. Aliporudi, ilishaondoka. Hatimaye akainasa, na kilichonaswa kilikuwa uji. Uji wa manjano, unachemka, hauna pete wala ukingo.

Wakatazama mmoja mmoja. Watu wa jengo letu wana utu, wakadanganya kwa heshima. Jirani wa ghorofa ya tatu alisema ameona kitu kitukufu. Mimi nilisema nimeona pete, Mungu anisamehe. Kisha akainama Mama Mwalimu, na alipoinuka uso wake ulikuwa umechoka.

"Fundi," akasema, "usinidanganye uzeeni."

Shujaa wetu, aliyekuwa na hotuba kwa kila tukio, akachuchumaa kando ya kile kigoda cha mbao, na hotuba haikuja. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huzuni, kwa sababu safari hii hakuwa anatafuta sifa.

"Nimeshindwa, Mama," akasema. "Nilitaka tu uione."

Mama Mwalimu akamtazama. Sijui aliona nini pale chini, lakini sauti yake ilibadilika.

"Nguo ikimbana mtu, unafanyaje?"

"Naiachia, Mama."

"Basi iachie. Kama ulivyoliachia gauni langu siku ya harusi yenu, ulipokuwa umenibana mbavu mchana kutwa."

Fundi akachomoa kile kipande. Akaichomoa ile ya sita. Ikabaki ile ya kumi, ambayo ilikuwa bado ndani ya plastiki yake boksini, haijaguswa, kwa kosa la kuwa ya bure. Akaichomeka, akailenga nyota, akataka kuinama. Mama Mwalimu akamwambia apishe. Akainama yeye, akalishika gurudumu kwa vidole viwili kama anavyoshika chaki, akalizungusha taratibu.

Tukangoja mpaka mtu mmoja akaketi.

"Ipo," akasema, bila kuondoa jicho. "Imeizunguka kabisa. Kama nilivyochora." Kisha polepole, akiwaambia watu ambao hawakuwapo: "Kumbe sikuwadanganya."

Akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akalirudisha palepale.

Aliposhiba ndipo akatupanga mstari, wafupi mbele, mikono nyuma, na aliyeigusa darubini alirudishwa mwisho. Alimweleza kila mmoja cha kutafuta na hakumruhusu kuondoka mpaka aseme alichokiona. Fundi, kwa adabu, alisimama nyuma ya wote. Zamu yake ilipofika akainama, akatulia, akatazama kwa makini, akaona tangi la maji la jengo la jirani, kubwa, safi, hata kutu yake inahesabika. Zohali ilikuwa imepita nyuma yake.

"Usijali, mwanangu," akasema Mama Mwalimu. "Kesho nitakuonyesha mimi."

Mkewe akamkumbusha tiketi. Mama Mwalimu akasema mabasi hayaishi, akauliza ni nani anayebeba darubini na ni nani anayebeba viti.

Basi na waandike wanaoandika, na wasioandika wakariri: kwamba Fundi, Simba wa Cherehani, Mvunja Mnara wa Lenzi, Mtiisha Sayari, aliipigania Zohali na pete zake jioni mbili, akaishusha, akawagawia watu wa ghorofa zote wakaridhika, na yeye mwenyewe akaona tangi, akateremka ngazi na viti viwili kichwani akiimba.