Pistoni za Mashine ya Mjomba Mwinjuma

Jumatano, 3 Septemba 2025. Bigwa.

Imewaka! Naandika tena kwa faida ya wajukuu: imewaka!

Mashine yenyewe ni ile pikipiki ya matairi manne ya Mjomba Mwinjuma. Aliachiwa na mtafiti mmoja aliyepanga kwake kule mlimani akihesabu vyura. Vyura wakaisha, mtafiti akaenda zake, mashine ikafa, kuku wakaanza kutagia kwenye kiti. Nimeifufua mimi, Sufiani, kwa mikono hii. Pistoni mpya. Ringi mpya. Silinda imechongwa na fundi Ernest wa Msamvu. Petroli nimeichanganya na oili tangi moja, kama injini za aina hii zinavyotaka. Inalia kama nyuki aliyenyimwa mzinga.

Kilipungua kitu kimoja tu, sponji ya kuchujia hewa. Panya waliila zamani. Ernest alinishauri niagize Dar. Niagize Dar ya nini? Mke wangu Hidaya ana chujio la tui. Machicha hayapiti pale hata kwa dawa, vumbi litapitaje? Nimelifunga kwenye mdomo wa kabureta na limekaa kama limezaliwa hapo. Hidaya amepekua jiko zima akilitafuta. Nimemwambia awaulize watoto wa jirani.

Haraka yote hii ina sababu. Jumapili ya wiki ijayo ukoo unakutana hapa Bigwa, uani kwa mama yangu, Bi Mwanahawa. Mjomba atataja atakayemwachia shamba la kijitoni. Shamba lile! Maji mwaka mzima, kabichi kama ndoo. Na sisi Waluguru shamba la mjomba linakwenda kwa watoto wa dada zake. Tuko watatu. Mimi. Hafidhi, mtoto wa mama mdogo, dereva wa bodaboda, mdomo mrefu. Na Mwanvita, mtoto wa mama mkubwa, yeye yuko huko huko juu analima na hana habari na mambo haya. Kwa hiyo tuko wawili.

Mjomba ana goti bovu. Atakayemteremsha kikaoni kwa heshima, bila kutembea, ndiye atakayepewa. Mjomba hajasema hivyo. Lakini mimi namsoma.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeijaribu mashine mpaka Kilakala na kurudi. Kiangazi kimekolea, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Wanafunzi wakanipungia mikono. Nami nikawapungia yote miwili. Mtaroni sikukaa sana.

Hafidhi alinikuta nikijipangusa. Akaniambia mashine yangu ina sauti ya mtu anayetafuna mchanga. Husuda hiyo! Nikamwambia atunze maneno yake kwa ajili ya abiria.

Jumamosi, 6 Septemba

Lo! Asubuhi mashine imekataa kilima cha kwa mama, kilima ambacho bibi mwenye mtungi anakipanda akiimba. Nikaifungua. Pistoni mpya imelika! Upande mmoja tu, ule wa nyuma unaotazama kabureta, umefifia kama umepigwa msasa. Ringi zinacheza ovyo. Pistoni ya juzi!

Nilijua papo hapo: Ernest. Silinda kaichonga vibaya. Nikaitia kwenye kapu na bomba lake la hewa, nikaenda Msamvu, na njia nzima nilikuwa namtungia maneno. Ernest aliitoa kapuni. Akaipima silinda, akaipima tena, akasema iko sawasawa. Kisha akaniuliza kama mashine ina chujio la hewa. Nikamwambia linalo, tena la kushinda la kiwandani. Sikusema uongo. Akapitisha kidole kwenye bomba la kuingizia hewa, kikatoka chekundu. Akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia ni uchafu wa karakana yake.

Alinitoa nje, lakini kwa adabu. Pistoni ya pili nimeipata kwa kumwachia redio yangu.

Jumatatu, 8 Septemba

Juzi usiku kucha nilifikiri. Kama si Ernest, basi ni Hafidhi. Ananitilia mchanga kwenye tangi! Na ule usemi wake wa kutafuna mchanga, alijuaje?

Nikamtegea. Jana jioni, baada ya kufunga pistoni ya pili, nilimwaga unga wa sembe kuzunguka banda lote ili mwizi aache nyayo. Leo asubuhi nyayo zipo! Ndala, ya kulia imekatika kisigino. Nikamwomba Mungu nisimuue mtu. Nikazifuata taratibu, nimeinama, panga mkononi. Zikapita kwenye mpapai, zikapita chooni, zikaingia chumbani kwangu. Nikatazama miguuni.

Unga uliobaki wameula kuku. Hidaya ameuliza sembe imeenda wapi. Nimemwambia watoto wa jirani. Akasema watoto hao mbona sasa wanakula kuliko jeshi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimegundua! Ni oili. Pistoni inasagika kwa sababu haina mafuta ya kutosha. Jambo dogo tu, na nyinyi mafundi mnajifanya madaktari. Nimeongeza oili mara mbili. Halafu nikaona kama ni dawa basi mgonjwa apewe dozi kamili, nikaongeza tena.

Ikawaka kwa shida. Moshi ukatoka. Sijapata kuona moshi kama ule. Nyumba ya jirani ikapotea. Mlima Bondwa ukapotea. Nikawa nasikia watu wanapiga kelele za moto, nami nikawa napiga kelele kwamba hakuna moto, lakini mtu anayepiga kelele ndani ya moshi haaminiki. Wakaja na ndoo. Wakamwagia mashine. Wakanimwagia na mimi. Hafidhi alileta ndoo mbili, na moshi ulishaisha alipomwaga ya pili.

Mama ameniuliza kama nina uhakika kazi hii ninaiweza. Mama yangu mzazi!

Jumatano, 10 Septemba

Hidaya amegoma. Amesema bila chujio lake hapiki nazi nyumba hii. Nikaona nilirudishe kidogo, kwa siri. Nikalisugua kwa sabuni ya mche, nikalitundika mahali pake na kujifanya nimeliona sasa hivi. Akafurahi masikini. Akasema leo ni samaki wa nazi.

Nami nikaona mashine nayo ipumue. Nikaiendesha kabureta ikiwa wazi. Nguvu gani hizo! Nimepanda kilima na kushuka, nikapanda tena, vumbi linaingia moja kwa moja nami naimba. Nikajua matatizo yamekwisha.

Mchana tukakaa kula. Hidaya akatia tonge mdomoni, akaacha kutafuna. Akanusa mchuzi. Akanusa chujio. Kisha akaninusa mimi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitoka mpaka bandani, akaitazama ile kabureta iliyo wazi, akanitazama, akasema Sufiani, mimi nimeolewa na nani?

Alhamisi, 11 Septemba

Pistoni ya pili imekwisha. Upande ule ule wa nyuma! Nimekaa nayo mkononi asubuhi nzima. Kikao Jumapili. Kusema kweli niliogopa. Miaka yote naambiwa Sufiani wa maneno mengi. Nilitaka safari hii ukoo mzima unione nafika na mjomba nyuma yangu, nimenyooka, kitu kimefanya kazi.

Hidaya aliniona. Akaja na unga kidogo na lile chujio lake. Akachekecha mbele ya macho yangu. Unga ulipita wote. Akasema vumbi la Bigwa ni laini kuliko huu, linapita humo linakwenda kusaga pistoni, na ndiyo maana inalika upande unaotazama mlango wa hewa. Nikamwambia unga si vumbi, kimoja kinatoka kwenye mahindi na kingine kinatoka ardhini. Akalikung'uta chujio.

Mchana akaenda Msamvu peke yake. Kitenge chake kipya, alichokuwa akikitunza kwa Idi, amemwachia mke wa Ernest. Amerudi na pistoni ya tatu, na sponji halisi ya kuchujia hewa, nyeusi, imefungwa kwenye gazeti. Akaniomba nifunge hivyo vitu viwili kama vilivyo, nisiongeze akili yoyote. Sina mke, nina malaika. Nimemuahidi.

Jumamosi, 13 Septemba

Pistoni ya tatu imekaa. Sponji nimeitazama kwa makini. Nene mno! Nikaibana mdomoni na puani nikajaribu kuvuta pumzi. Nikahangaika. Kama mimi nahangaika, mashine inayopanda mlima na watu wawili wazito itafanyaje? Haya ndiyo mambo wanayosahau viwandani, wao hawaishi milimani.

Lakini zawadi ya mke haitupwi. Nimeishona ubavuni mwa tangi, pale goti la mjomba litakapogusa. Laini kabisa. Kwenye kabureta nimerudisha chujio la tui, na ndani yake nimetia chujio la chai. Mawili! Hidaya alitaka vumbi lisipite, halipiti.

Hafidhi anatangaza mtaani kwamba kesho atamfuata mjomba kwa bodaboda. Ameifungia na mwavuli.

Jumapili, 14 Septemba

Siku ndefu. Naiandika yote.

Nilitoka alfajiri kwa vifijo. Mashine ikapanda vizuri, tena vizuri sana, nikapita migomba, nikapita bustani za karoti. Hafidhi nilimwacha nyuma akisukuma, bodaboda yake imeteleza kwenye changarawe. Nikamwambia pole kwa sauti ya juu. Kona ya pili mashine ikaanza kukohoa. Kona ya tatu ikanyamaza. Nikapiga teke. Nikapiga teke tena. Nikakaa chini, na sitaficha, machozi yalinitoka.

Nikasikia watu wanashuka wanazungumza. Mjomba Mwinjuma, kwa miguu! Nyuma yake Mwanvita na furushi la karoti kichwani. Nikaruka nikamwamkia shikamoo mjomba, akaitikia marahaba mpwa wangu, unafanya nini huku? Nikasema nimekuja kumchukua kwa ajili ya goti. Akaitazama mashine. Akaniuliza, goti gani tena? Goti limepona tangu mavuno, Mwanvita alimchemshia dawa na kumkanda kila siku. Nikamwonyesha pale laini pa kuegemeza goti. Akapabonyeza kwa kidole, akasema pazuri.

Basi tukaisukuma. Mjomba amesukuma, Mwanvita amesukuma na furushi halikushuka kichwani. Hafidhi tulimkuta kwenye changarawe zake, naye akaunga msafara na mwavuli. Hivyo ndivyo tulivyoingia kikaoni, ukoo mzima umesimama unatutazama.

Mjomba alisimama akasema maneno machache. Shamba la kijitoni ni la Mwanvita. Watu wakaitikia kama waliokwisha kujua. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kwa heshima zote, na mashine je? Si alinipa mimi niitengeneze? Si alikuwa ananipima?

Mjomba akanitazama kwa huruma. Akasema mwaka juzi nilipokwenda kumsaidia kunyunyiza dawa ya wadudu, nilinyunyiza dawa ya magugu, na kabichi zote zikalala. Mwaka jana nikaelekeza mfereji upya na maji yakaingia jikoni kwake. Akasema: mpwa wangu, nakupenda, lile dude nilikupa ili uwe na shughuli huku chini mpaka nivune.

Ukoo ukacheka. Mama akajiziba kwa kanga, lakini mabega yalimsaliti. Mimi sikucheka. Niliumia. Niliumia kwelikweli, nikaenda kusimama nyuma ya banda. Hidaya akanifuata. Hakusema neno kuhusu sponji, na aliiona. Aliniletea sahani ya wali, tukala wawili sahani moja. Kabla ya kuondoka mjomba akaja akanishika bega, akasema mashine niichukue, ni yangu kabisa, sharti nisiipandishe kwake.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimelala vizuri. Asubuhi nimeifungua pistoni ya tatu nikaitazama kwa akili tulivu, na lo! Jibu lilikuwa mbele yangu wakati wote, na wao wote, Ernest na sayansi yake, Hidaya na unga wake, hawakuliona.

Pistoni zote tatu zimelika upande wa nyuma tu. Wa mbele unang'aa! Kwa nini? Kwa sababu nimekuwa nikipanda mlima uso mbele. Ukipanda hivyo pistoni inalala nyuma, inajisugua upande mmoja, lazima ilike. Nikipanda kinyumenyume italalia upande wa pili, pande mbili zitalingana, na pistoni itakuwa nzima. Gia ya kurudi nyuma ipo. Pistoni mpya haihitajiki hata kidogo.

Hafidhi amenisikia nikimweleza Hidaya na ameomba kesho tuwe pamoja njiani. Nimemkatalia, ataiba wazo. Hidaya ameingia ndani kulala na sasa ni saa nne asubuhi.

Mjomba amesema nisiipandishe kwake. Lakini aliwaza mtu anayekuja uso mbele. Kesho atatazama bondeni aone mgongo wangu unapanda wenyewe, polepole, kona baada ya kona, na hapo atajua shamba alimpa asiyehusika.