Khanga za Kitchen Party ya Anitha

Jumatatu, 1 Juni 2009

Binti yangu Queen amebandika stika za ndizi kwenye cherehani yangu sasa hivi. Saba! Nimemuuliza nani kafanya. Kanijibu kwa Kiingereza: "Not me." Ana miaka mitatu, na chumbani tupo wawili tu. Nimembusu kichwani. Nitamgombeza kesho.

Habari kubwa ni ya jana. Kikao cha kitchen party ya Anitha, bibi harusi wetu mtarajiwa, baada ya misa, kule Bladensburg, huku huku Marekani. Ajenda: sare. Euphrasia, fundi cherehani wa kila shughuli hapa, kasema ataleta kitenge chake cha zambarau. Kile kile! Tumekivaa harusi mbili na kipaimara. Sijui nini kilinisukuma, nikasimama. Nikasema mimi nitachapisha khanga zetu wenyewe, kumi na mbili, kwa intaneti. Unachora, unatuma picha, wanakuchapia kitambaa, kinaletwa mpaka mlangoni. Mwenyekiti, Mama Rosemary, kasema haya mdogo wangu, ila sherehe ni tarehe ishirini, si mbali. Euphrasia kasema yeye atakata tu zambarau, iwe akiba. Akiba!

Sababu yangu sikuwaambia. Wiki iliyopita Queen kamwita Audrey, dada anayemlea mchana, "Mommy". Mbele yangu. Mimi kutwa nasafisha vyumba vya hoteli. Nikijulikana kwa khanga, kina mama wataniletea kazi nyumbani, nitashona Queen akiwa hapa hapa miguuni. Ndiyo mpango wote.

Jumatano, 3 Juni

Khanga imekamilika! Nimeichora kwa kalamu za rangi za Queen. Pindo la miiko, sufuria katikati, chini maneno ANITHA TUNAKUPENDA. Karatasi ni nusu ukurasa wa daftari, ndiyo iliyokuwepo. Nimeiskani pale maktaba, nyumbani hatuna mashine hiyo.

Dunstan, mume wangu, kasema nisome maelezo kabla ya kubonya. Nimemwambia nimebebwa na khanga tangu nina siku tatu, kompyuta itanifundisha nini? Nimebonya. Yadi ishirini.

Jumamosi, 13 Juni

Kifurushi! Nimekifungua kwa meno. Rangi safi. Miiko safi. Maneno yanasomeka. Ila khanga ina ukubwa wa nusu ukurasa wa daftari. Pembeni yake nyingine. Chini yake nyingine. Yadi ishirini za vikhanga!

Kumbe wale watu wamezoea wateja wa magauni na mapazia. Ukituma picha, wanairudia ilivyo, mstari kwa mstari, mpaka kitambaa kiishe. Nani angewaambia kuwa khanga ni moja, na pindo lake, basi? Nimehesabu mpaka themanini nikaacha.

Dunstan kaingia bafuni, kafungulia maji. Nimemsikia akicheka.

Kuagiza tena haiwezekani, imebaki wiki moja.

Jumapili, 14 Juni

Kanisani Euphrasia kaniuliza, shoga, sare vipi? Nikamwambia zimefika, nyingi kuliko tulivyotarajia. Si uongo.

Alhamisi, 18 Juni

Nimepata mbinu! Ukisimama mbali, vikhanga vinaonekana kama maua. Nitasema ndiyo mtindo mpya. Nimejifunga kitambaa, nikamwita Jeptoo, jirani yetu Mkenya, naye yumo kwenye kamati. Nikamsimamisha mwisho wa korido. Kasema ni kweli, anaona maua. Kisha akasogea. Akauliza hii ni ya kuvaa ama ni ya kupanguza miwani. Nimemwomba Jumamosi awazuie watu wasisogee.

Jumapili, 21 Juni

Walisogea.

Euphrasia kashika nguo yangu begani, kavaa miwani, kaanza kusoma kwa sauti: Anitha tunakupenda, Anitha tunakupenda, Anitha tunakupenda. Kasoma akinizunguka mpaka mgongoni! Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Anitha mwenyewe kacheka hadi kope za bandia zikaachia. Ndipo Euphrasia akafungua begi: magauni ya zambarau kumi na mawili, yamepigwa pasi. Na langu limo, saizi yangu kabisa. Lilinikaa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikajificha jikoni na mkasi na mavitambaa yangu. Nililia kidogo. Queen akanifuata na mdoli wake. Nikakata kikhanga kimoja, nikamfunga mdoli kifuani. Kikamwenea! Queen akamkumbatia, akamwambia kwa Kiswahili: "Usilie, mama yupo." Maneno ninayomwambia mimi kila asubuhi ninapomwacha. Na mimi nilidhani hasikii! Nikamkumbatia yeye na mdoli wake.

Nilipoinua kichwa, foleni. Kila mtoto ukumbini anataka khanga ya mdoli, na mmoja ana dinosaria. Nyuma yao mama zao. Mama Rosemary kasema mdogo wangu, hii ndiyo kazi yako, nikatie dazeni mbili. Jeptoo anataka za binamu zake wote. Euphrasia, Euphrasia mwenyewe! kaniomba nne, kwa sauti ya chini.

Jumatatu, 22 Juni

Nimewaza kwenye basi kwenda na kurudi. Khanga za midoli? Hapana. Nilisema khanga za watu wazima na zitakuwa za watu wazima. Harusi ya Anitha ni Agosti. Watanyamaza!

Na sasa nimejanjaruka. Kosa lilikuwa kule kurudiarudia, basi. Nimepata mahali pa kuzima kurudia huko. Nimetuma picha yangu ile ile, nimezima, nimeagiza yadi ishirini, imepokelewa na haifutiki. Kila mwanamke khanga moja!

Dunstan yuko kwenye kompyuta. Anauliza kwa nini oda inaonyesha kitambaa cheupe kitupu, na katikati kuna kitu kidogo kama stempu. Nimemjibu kutoka huku kuwa huo ni mfano tu. Ananiita tena, na sasa si Mama Queen, ni Genoveva, jina zima. Ngoja nikamweleze kwamba wakishaanza kuchapa, ile sufuria itatanuka yenyewe mpaka ijae kitambaa kizima.