Kamati ya Kupima Hiari

Idara ya Mafao ya Wasio na Kazi ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba kuanzia sasa hakuna mwananchi atakayepoteza kazi bila serikali kujua ameipoteza vipi. Aliyefukuzwa atalipwa mafao. Aliyeacha mwenyewe hatalipwa, isipokuwa athibitishe kwamba hiari yake haikuwa ya hiari. Na kwa kuwa jambo hilo linahitaji utaalamu, ikaundwa Kamati ya Kupima Hiari: mwenyekiti, wajumbe watatu, na mama mmoja karani wa kuandika.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Shangazi Vifungo. Jina hilo alipewa kiwandani, alikokaa miaka kumi na mmoja akishona vifungo vya sare. Aliingia na bahasha kwapani. Nyumbani alikuwa na watoto watatu wa marehemu dada yake, na tangu aache kazi walikuwa wanakula mara moja kwa siku.

"Mama, uliacha kazi kwa hiari?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilikimbia, mzee."

"Kwenye fomu hakuna kukimbia. Kuna hiari na kuna kufukuzwa."

Shangazi akaeleza. Bosi wake alikuwa ameanza kujifunza tarumbeta. Mkewe akampiga marufuku kupulizia nyumbani, hivyo akahamia chumba cha cherehani, nyuma ya kiti cha Shangazi, asubuhi mpaka jioni. Wimbo mmoja, tena nusu. Alivumilia miezi minne. Siku aliyojikuta ameshona vifungo vya mashati sitini mgongoni, akachukua mkoba wake akaondoka.

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti akakohoa kiofisi.

"Muziki ni burudani. Kuna watu wanakata tiketi. Mtu mwenye akili timamu angevumilia."

"Basi mwiteni aje awaburudishe," alisema Shangazi.

Kamati iliona hoja hiyo ina mashiko ya kiutaratibu. Bosi akaitwa kesho yake, akaja mbio, amechomekea, machozi yanamlengalenga. Tangu azaliwe hakuwahi kualikwa kupuliza popote.

Akapuliza.

Dakika ya tatu, mjumbe wa kwanza alikumbuka ana mgonjwa. Dakika ya tano, wa pili na wa tatu waligombania mlango. Mwenyekiti alijikaza kisabuni, ameng'ang'ania meza, jasho likimtiririka. Dakika ya tisa alitoka kupitia dirishani, akaacha kiatu kimoja ndani.

Waliobaki ni Shangazi, aliyezoea, na karani, ambaye mumewe hufuga bata mzinga, kelele kutwa. Karani alitazama saa, akaandika: "Mwenyekiti na wajumbe wote wameondoka kikaoni bila ruhusa. Kwa kanuni ya kumi na mbili, wanahesabiwa wameacha kazi kwa hiari yao." Kanuni hiyo aliitunga mwenyekiti mwenyewe, kuwakomesha watoro wa chai.

Jumatatu mwenyekiti alikuta kitasa kimebadilishwa. Karani, ambaye sasa alikuwa kaimu kwa kukosekana mwingine, alimpokea kwenye dirisha la wateja. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi, anasubiri majibu yake.

"Uliacha kazi kwa hiari, kaka?"

"Hiari gani!" Mwenyekiti alipiga dirisha kofi. "Mimi sikuondoka, niliondolewa! Mtu aliyefukuzwa na makelele kama yale huwezi kusema ameacha kazi. Binadamu gani angevumilia? Hata dakika kumi haziwezekani!"

"Taratibu, niandike. Haziwezekani... Weka saini."

Akaweka, kwa hasira, akatoboa karatasi. Karani akaipiga muhuri, akaiingiza kwenye faili la Shangazi Vifungo.

"Lilikuwa linasubiri kauli ya mwenyekiti aliyesikiliza shauri, na kauli yenyewe ndiyo hii. Dada, mafao yako yamepita. Pamoja na ya miezi ya nyuma."

Shangazi alishika mdomo. Alitaka kucheka, alitaka kulia, mwishowe alivifanya vyote pamoja.

"Na mimi je?" mwenyekiti aliuliza.

"Wewe bado hujapimwa. Hapo umeleta dakika tisa tu. Mwenzio alileta miezi minne." Karani akafungua mlango wa chumba cha mikutano, akamwonyesha kiti cha mbele. Madirisha yalikuwa yameshapigiliwa misumari. "Karibu ukae, kaka. Msanii yuko njiani."