Sampuli ya Mita Mia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimekasirika tangu asubuhi. Mzee Rasiklal kaniambia kwamba kiwanda chetu cha waya za umeme kitanunua mashine ya kuviringisha na kufungasha. Atakayechagua mashine bora ndiye atakayeisimamia, na atapewa ile ofisi yenye feni. Nilidhani kaniambia mimi peke yangu. Kumbe kamwambia na Levina, kiongozi wa kina mama wanaoviringisha kwa mikono! Yeye anataka kimashine kidogo, eti tunabadilisha unene wa waya mara nne kwa siku. Mimi nataka lile kubwa. Linazungusha, linapima, linakata, linavisha nailoni, linabandika lebo. Mtu anasimama tu na kutazama. Mtu mwenyewe ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Muuzaji wa lile kubwa, wa Dar, anataka roli moja ya waya iwe sampuli ili mashine iige. Hapo nikapata akili! Ile roli niliyokata mita tisa mwezi uliopita, za kuweka taa sebuleni kwangu Isevya, bado imejificha nyuma ya rafu. Nikaifunga upya, nikaituma kwa basi. Ushahidi umeondoka mjini. Levina akauliza kama nimeipima. Nikamuuliza kama hajui kusoma lebo. Mita mia! Mwanamke ana kimbelembele huyu!

Alhamisi, 7 Agosti

Muuzaji kapiga simu. Mashine imefaulu, roli zote zinafanana kama mapacha. Nimekwenda kuijaribu feni. Levina kaomba ripoti ya muuzaji isomwe mbele ya watu wote. Nikamwambia hata kwa kipaza sauti.

Jumamosi, 9 Agosti

Laana! Naushad, mtoto wa Mzee, kasoma ripoti kwa sauti. Mashine imeiga sampuli bila kukosea: kila roli mita tisini na moja. Akarudia. Nani aliiambia mashine ipime? Mzee akaniuliza, kwa upole unaochoma, mita tisa ziko wapi. Nikasema ni jua la Tabora, waya umesinyaa. Levina akasema waya hurefuka kwa joto, hata mwanawe wa darasa la sita anajua. Kiwanda kizima kikacheka. Nikakiri kwa hasira. Mzee hakucheka. Alisema mafundi wa Usoke hununua kwetu bila kupima kwa sababu wanaiamini lebo, na mimi nimeichezea. Kimashine cha Levina kimeshinda. Feni ni yake. Mimi nirudishe waya, kisha nipime kila roli iliyomo ghalani. Roli mia nne na arobaini! Kwa futi ya mkono! Chini ya Levina!

Jumatatu, 11 Agosti

Waya nimeurudisha. Mke wangu Marcelina kaniuliza taa ya sebuleni imekwenda wapi, nami nimemfokea bure. Magoti yanawaka. Levina ananitazama kupitia kioo cha ofisi huku nywele zake zikipeperushwa na feni yangu. Nimepima roli sitini, zote mia kamili. Nimezichukia zote.

Ya sitini na moja ina mita mia na nne! Nimepima mara tatu. Lebo inasema mia, kwa hiyo hizo nne hazina mwenyewe, na fundi wa Usoke hapunjwi hata kidogo.

Sebule inahitaji tisa tu. Zimebaki roli mia tatu sabini na tisa. Nimekwenda kwa Levina, nimempa shikamoo, nimeazima mkasi.