Uzinduzi wa Shamba la Stroberi la Mama Laurencia

Mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa kamati ndogo ya stroberi, ambaye kwa kukaimu ni mimi pia. Wachungaji, mashekhe, viongozi wa Watanzania wa Minneapolis na Saint Paul, wajumbe mliofika kutoka Burnsville licha ya foleni ya barabara kuu ya I-35, na mfiwa wetu Mzee Elihuruma, mume wa Mama Laurencia. (Makofi. Mtoto anauliza kwa Kiingereza kama chakula kiko tayari.)

Tulipomzika Mama Laurencia, mwaka jana, 2006, mama ambaye hakuna mwanafunzi aliyefika mji huu asipelekewe stroberi zake kwenye kopo la aiskrimu, tuliazimia kwamba miche yake haitapotea, nami nikakabidhiwa dhamana hiyo, ambayo nimeibeba kwa weledi, uwazi na, niseme tu, kipaji. (Makofi machache.)

Kama mnavyofahamu, adui wa stroberi wakati wa joto ni utitiri, kadudu kadogo kuliko punje ya chumvi, kanakofyonza jani kwa chini na kufuma utando hadi jani linageuka rangi ya shaba. Na aina za stroberi hazilingani katika kumhimili. Marehemu alikuwa na aina mbili: ile ya Juni, iliyokuwa ikinyauka kila joto likizidi, na ile aliyoiita Bibi Mkaidi, ambayo hupata madoa mawili matatu ikaendelea kuzaa. Kamati yangu imelifanyia suala hili feasibility study, benchmarking na PowerPoint, na ninatamka kwa fahari kwamba katika shamba letu la Maple Grove, utitiri kwa aina zote mbili ni asilimia sifuri. (Vigelegele. Dafrosa, muuguzi: "Kaka Nahashon, hata ile ya Juni?")

Sifuri, dada yangu. ("Basi huyo utitiri kafunga." Kicheko.)

(Mzee Elihuruma anasimama: "Mwanangu, nyumba nimeuza. Kesho nahamia ghorofani, hakuna hata kibustani. Miche ya mama yenu iko kwenye buti la gari, na kwa jua hili itakauka. Niipeleke wapi?")

Swali zuri sana, mzee wangu, linaloonyesha kwamba wadau wana ownership. Utekelezaji upo katika hatua ya kuelekea hatua ya kwanza. (Dafrosa: "Baba, lete ufunguo wa gari. Mimi nina uwanja nyuma ya nyumba, Coon Rapids. Ukitaka kuitazama, utakuja." Viti vinaburuzwa. Watu wanatoka.)

Naona mnatoka, basi nihitimishe. Shamba la Mama Laurencia, oyee. (Mtoto mmoja: "Oyee.") Utitiri, zii. Nawashukuru wote: mwenye ardhi ya Maple Grove, ambaye tutamwomba pindi tutakapomfahamu, utitiri wenyewe, kwa kutokufika mahali ambapo hapajapandwa jani, na ninyi mlioko huko nje kwenye buti, nibakizieni mche mmoja, na mtu anionyeshe unavyopandwa.