Bastola Ndani ya Probox

Habari ya gazeti aliisoma Hansadi, na kama kawaida yake alianza kwa kupangusa miwani kwa shati mpaka chai za watu zikapoa. Jina lake hasa ni mwalimu Maundu, mstaafu. La Hansadi, kama zile kumbukumbu za bunge, alipewa kwa sababu neno ukilisema leo kwenye benchi la kibanda cha chai cha Peris, mwaka ujao atakusomea pamoja na tarehe.

"Sikieni hii. Mtu ako na leseni ya bastola. Ameenda matanga. Ameacha bastola kwa dashibodi, amefunga gari, ameenda kula wali. Kurudi, kioo kimevunjwa na bastola imeenda. Saa hii amewekwa ndani, yeye mwenyewe, na leseni wamechukua."

"Ati ameibiwa halafu akashikwa?" aliuliza Peris, birika mkononi.

"Ameshikwa kwa ujinga," alidakia Kanali. "Mimi ningempatia miaka kumi. Na kiboko akiingia na kiboko akitoka."

Huyu Kanali hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Ni Muthoka, mwenye duka la misumari na mabati nyuma ya soko la Machakos. Majambazi walipomvamia miaka miwili iliyopita aliomba leseni ya bastola, akapewa, na siku aliyoitia kiunoni benchi likampandisha cheo. Tangu hapo hukaa akiangalia mlango, ingawa kwa Peris hakuna mlango, kuna gunia tu limening'inizwa kuzuia vumbi.

"Kumi ni mingi, Kanali," alisema Abukar, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye wao humwita Waziri kwa kuwa ukimuuliza bei ya mbuzi atakujibu kuhusu mvua. "Binadamu husahau. Mimi hapa niliacha beberu ndani ya pikapu nikaenda kuswali. Kurudi, amekula kiti, amekula kadi ya bima, anaangalia usukani."

"Beberu hawezi kuua mtu."

"Wallahi hukumuona huyo."

"Mimi niliwahi kuacha meno kwa gari ya watu," Hansadi alikiri, akigusa mdomo. "Yalilala Thika siku mbili. Kurudi, yamechoka kuliko mimi."

"Nyinyi ni watu wa kuacha tu," Peris akasema. "Mzee wangu aliniacha mimi hapo Konza, nimeenda kununua maji. Akafika nyumbani, akauliza watoto, 'Mama yenu ako wapi?'"

Walicheka mpaka mcheza drafti wa kibanda cha pili akageuka kuwatazama. Kanali aligonga meza kuwanyamazisha.

"Meno sawa. Bibi sawa, atarudi na miguu yake. Lakini silaha! Leseni inasema iwe kwa mwili ama kwa sefu, basi. Mtu akishindwa kubeba yake arudishe, anunue filimbi. Watu kama hao ndio wanatuharibia jina sisi wenye nidhamu."

"Niandike hiyo?" Hansadi akauliza.

"Andika. Weka na herufi kubwa."

Peris alimtazama Kanali kwa jicho la pembeni. "Nyani haoni kundule," alisema polepole, akampita kumimina chai kwingine.

Kanali alijifanya hakusikia. Ukweli ni kwamba asubuhi hiyo kiuno chake kilikuwa kitupu. Benchi la Peris ni la chini, na tumbo la Kanali limepata maendeleo kuliko kata yote anayoishi. Akikaa, kitako cha bastola humchimba mbavu, hawezi hata kuinama kufikia mandazi. Kwa hiyo alipofika alikaa kidogo, akanyanyuka akisema anaangalia kama amefunga gari, akaenda akafungua Probox nyeupe, akaisukuma bastola chini ya kiti cha dereva ikiwa imefungwa kwa taulo, akafunga, akarudi kula mandazi manne kwa raha. Huo ulikuwa mwezi wa tatu akifanya hivyo.

Na moyoni alikwisha kujitetea. Yule wa gazeti aliiacha kwenye dashibodi, mahali mwizi huanzia. Yeye ameiweka chini ya kiti. Yule alikuwa matangani akishindana na sahani. Yeye yuko hatua thelathini tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi wakili.

"Kanali," Peris aliita, "gari yako imefungia mkokoteni wa maji njia. Sogeza, tafadhali."

Alienda akipiga mluzi. Akafungua, akaketi, akapeleka mkono chini ya kiti. Akapata chupa tupu ya soda na risiti ya misumari. Akapeleka mkono mwingine. Akashuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza kichwa. Taulo halipo. Bastola haipo. Vioo vizima, milango mizima.

 Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli, na woga wa kwanza, aibu iliyoje, haukuwa wa bastola. Ulikuwa wa Hansadi na kalamu yake.

Alirudi akaketi. 

"Na gari hujasogeza," Peris akasema.

"Nitasogeza."

"Kanali, mbona unatoka jasho na jua bado halijapanda?" aliuliza Abukar.

Angeweza kusema ni malaria. Alifungua mdomo aseme malaria, na mdomo ukasema mwenyewe: "Bastola yangu imeibiwa. Ilikuwa kwa gari."

 Hansadi alivua miwani.

"Gari gani? Hii hapa?"

"Hii hapa."

"Kanali wa nidhamu?" Peris aliuliza.

"Peris, tafadhali."

"Kiboko tutaleta cha nani? Na hiyo filimbi nikununulie hapa sokoni ama..."

"Mwaitu, mama yangu, nitafungwa!" Kanali alipaza sauti, na sauti ikapasuka katikati kama ya kijana anayebalehe. "Mnacheka, lakini mtu ako na chuma yangu saa hii! Akimpiga mtu nayo, namba ni yangu!"

Kicheko kilikatika. Abukar alisogea karibu naye, akaweka mkono begani. Mtu anayeuza mbuzi amezoea kutafuta kilichopotea, na huanza na nyayo.

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana."

"Kioo?"

"Hapana."

"Basi mwizi alikuwa na funguo. Hiyo gari yako ni ya miaka mingapi?"

"Mingi."

"Na funguo imelika. Juzi ulifungua nayo gari ya Kasyoki, jirani yako wa duka, ukimtolea gurudumu. Sasa nijibu polepole. Ukienda kuweka hiyo kitu, ulifungua gari gani?"

"Yangu! Probox nyeupe, imeegeshwa hapo."

"Kanali," Abukar akasema kwa upole mkubwa, "hapo palikuwa na Probox nyeupe mbili."

Peris aliweka birika chini. "Aiya! Ya pili ilikuwa ya Mama Wavinya. Alikuja kuchukua mandazi ya kikao cha akina mama wa kanisa, huko Mitaboni. Ameondoka kitambo."

Kanali alikumbuka. Alikuwa ameiona ikiondoka, akaipungia mkono hata, kiofisa.

"Alikuwa peke yake?" Hansadi aliuliza.

"Alikuwa na mjukuu wake. Yule wa miaka minne. Anapenda kukaa chini, pale nyuma ya kiti cha dereva, anacheza."

 Peris alikuwa amekwisha kutoa simu. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, akaiweka mezani sauti ikiwa juu, na vichwa vinne vikaiinamia.

"Peris," sauti ya Wavinya ilitoka, ndogo na ya taratibu kupita kiasi. "Nimesimama kando ya barabara. Nimeshuka na mtoto, tumekaa chini ya mti wa watu. Siwezi kuendesha."

"Mama, mtoto ako sawa?"

"Ako sawa. Anakula mandazi. Peris, nilisikia ananiita huko nyuma, 'Susu, nyanya, hii ni ya kunyunyizia sukuma wiki maji?' Nikaangalia kwa kioo. Ameshika bunduki na mikono mbili. Ameielekeza kwa kiti yangu."

Kanali alifunika uso.

"Nilimwambia, 'Weka chini, mtoto wa susu, tukule mandazi.' Akaweka. Sasa iko huko ndani na milango imefungwa, na mimi sirudi kwa hiyo gari. Nani ananitafuta? Mimi nimekosea nani?"

Wote walimtazama mtu mmoja. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Wavinya asingejua mpaka polisi wasome namba. Kanali aliisogeza simu kwake.

"Hakuna mtu anakutafuta, mwaitu. Ni mimi, Muthoka wa mabati. Nilidhani ni gari yangu."

Kwenye simu mtoto alisikika akiomba andazi lingine.

"Muthoka," Wavinya akasema, "hata kama ingekuwa gari yako, wewe huna wajukuu?"

Anao wawili. Alikuwa analia, na hakujali nani anaona. Alimwomba asiguse kitu, akaomba msamaha mara tatu, akakata. Kisha akapiga kituo cha polisi mwenyewe, Hansadi akimsomea namba.

"Afande, nataka kuripoti bunduki yangu."

"Imeibiwa?"

"Hapana. Iko kwa gari."

"Gari yako?"

"Hapana."

"Ya nani?"

"Ya mwenyekiti wa akina mama wa kanisa."

Afande alivuta pumzi. "Mzee, umekunywa?"

"Chai tu. Gari iko barabara ya Mitaboni, imefungwa, na mwenyewe ameketi kando na mtoto. Tumeni watu huko haraka. Mimi nakuja hapo kituoni."

"Kuja. Lete leseni. Na usiendeshe gari, kuja kwa miguu."

Alisimama. Abukar alisimama naye, akakung'uta kanzu.

"Leseni watachukua," Hansadi alisema, na safari hii hakuwa na hamu ya kuandika.

"Wachukue. Ningeulizwa mimi, wangechukua tangu ile siku ya kwanza." Alimpa Peris funguo ili Kasyoki aje asogeze gari, mkokoteni wa maji upite. "Waziri, tutembee. Ukiona nageuka, nivute."

Walipofika kwenye gunia, Peris aliita:

"Na watu wakiuliza Kanali ameenda wapi, nisemeje?"

Hakugeuka.

"Sema Muthoka ameenda kujipeleka polisi. Huyo Kanali simjui, na ukimuona, usimuuzie chai."