Acha Kuvuta!

Jumatatu, 4 Mei
Meja kaniita ofisini. Jumamosi kuna siku ya kuhamasisha wanajeshi na familia zao waache sigara. Mwandalizi: mimi, koplo karani! Mambo yakienda sawa, jina langu linapelekwa juu nipandishwe usajini. Nikapiga saluti hadi kofia ikahama. Hakuuliza kama navuta. Nisingemdanganya. Lakini hakuuliza.

Jumanne, 5 Mei
Utafiti kwanza. Nimezunguka kambi nzima na daftari kutafuta vipande vya sigara. Nyuma ya bohari, vingi. Nyuma ya jiko, vingi zaidi. Chini ya dirisha la Meja, saba! Nani huyo mwenye roho ngumu? Nikapiga magoti nivichunguze vizuri. Meja akachungulia dirishani, moshi ukatangulia, akauliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo, afande.

Jumatano, 6 Mei
Bango. Mchoraji kasema kitambaa kinatosha maneno mawili tu. Nikamwambia aandike ACHA KUVUTA, kila mtu ataelewa. Koplo wa bohari, ambaye naye anaumezea mate usajini huohuo, akauliza kuacha kuvuta nini, pumzi? Wivu tu unamsumbua.

Alhamisi, 7 Mei
Nimepata wazo! Askari husinzia kwenye hotuba, lakini amri anaisikia hata usingizini. Kwa hiyo gwaride: kila mmoja anashika chaki mfano wa sigara. Nikitamka "Acha kuvuta!" kwenye kipaza sauti, viganja vyote vinafunguka, chaki chini. Tumerudia tangu asubuhi mpaka mchana. Mwishowe hata aliyekuwa pembeni akinywa chai aliangusha kikombe. Ajabu kweli! Neno linafikaje mkononi bila kupitia kichwani?

Ijumaa, 8 Mei
Mke wangu kauliza, je, familia zimealikwa kutazama chaki? Huyu mwenzangu ana maswali! Nimeongeza mchezo: askari na wake zao, kuvuta kamba. Nyuma ya upande wa wake nimeweka pipa la maji, watu watumbukize sigara zao humo. Koplo wa bohari kanitolea kamba bila hata fomu. Kanitazama kwa huruma. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 9 Mei
Gwaride safi! Makofi! Kisha kamba. Mke wa Meja kashika mkia, visigino vimezama ardhini. Uwanja mzima unashangilia. Nikaona hapa ndipo ujumbe utakapowaingia. Nikanyakua kipaza sauti, nikanguruma: Acha kuvuta!

Viganja arobaini vikafunguka mara moja. Wake hawakuwa wamefanya mazoezi. Wakaenda kinyumenyume wote pamoja, na mke wa Meja akaketi ndani ya pipa. Mke wangu, akiwa chali, aliniita jina nisiloweza kuliandika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili, 10 Mei
Jina lililopelekwa juu ni la koplo wa bohari. Imeniuma sana. Nimejifungia chooni, nimevuta mbili mfululizo. Lakini nimefikiri, na kosa nimeliona: kamba ilikuwa laini mno.

Mwezi ujao kuna siku ya kuchangia damu, na mwandalizi bado hajatajwa. Nimeshaandika kaulimbiu nimpelekee Meja kesho: ASKARI, MWAGA DAMU! Mke wangu kaisoma, kauliza damu ya nani. Swali zuri. Mbona kaliuliza huku kashika mbavu?